Tope la Nyanza na Ushahidi Wake

Historia ya Ziwa Viktoria, kwa jinsi isomwavyo katika vitabu vingi, huanza tarehe 3 Agosti 1858. Siku hiyo John Hanning Speke, askari wa Kiingereza aliyetoka Kazeh, mji ujulikanao sasa kwa jina la Tabora, alisimama juu ya kilima karibu na Mwanza akayatazama maji yasiyoonekana ng'ambo yake. Pamoja naye alikuwako Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyepata kuuzwa utumwani Bara Hindi akarudi Afrika akiwa huru, ambaye bila ya msaada wake safari hiyo isingalifika mbali. Speke hakulizunguka ziwa wala hakuona mahali yanapotokea maji yake. Lakini alikata shauri palepale kwamba hilo ndilo chimbuko la Nile, akalipa jina la malkia wake. Alisema kweli kabla ya kuwa na haki ya kuisema, na ubishi aliouzusha huko London ulidumu miaka mingi.

Mwanzo huo ni mwanzo wa karatasi, si mwanzo wa ziwa. Huko Kazeh, Sheikh Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiarabu, alikuwa amekwisha kuwaeleza wageni habari za maji hayo. Na Wasukuma, Wazinza, Wakerewe, Wakara, Wajita na Wahaya walikuwa wakiyavua na kuyavuka vizazi na vizazi. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyeandika kisa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe katika mwaka 1945, alihifadhi mengi ya maisha ya visiwani kabla ya kuja kwa Wazungu. Walakini masimulizi ya mdomo nayo yana ukomo wake. Nasaba za watawala huhesabika vizazi kumi, kumi na vitano, pengine zaidi kidogo. Kisha wanadamu hutoweka katika hadithi na mahali pao hushikwa na mashujaa wasiokuwa na tarehe. Mtu atakaye kujua ziwa lilikuwaje miaka elfu iliyopita, au miaka elfu kumi, hana budi kumwita shahidi mwingine, na shahidi huyo amelala chini ya maji yenyewe. Ni tope.

Nyanza ni pana kama sinia, na kama sinia haina kina kirefu. Eneo lake hupata kilomita za mraba 68,800, lakini mahali penye kina kikubwa kuliko pote hapazidi sana mita 80, ilhali Ziwa Tanganyika, lililo jembamba, huteremka zaidi ya mita 1,400. Katika sinia hilo kila kitu kinachoanguka hatimaye hutua. Vumbi la nchi kavu hutua. Udongo uletwao na Kagera, Simiyu na Mara hutua. Chavua ya miti na majani hupeperushwa na upepo ikazama. Vijinga vyembamba vya masizi kutoka katika moto wa mbuga huanguka juu ya maji na kushuka polepole. Vitu vya ziwani navyo hushuka: magamba na meno ya samaki, vichwa vya viluwiluwi vya wadudu, na zaidi ya vyote daiatomu. Hiyo ni mimea midogo isiyoonekana kwa macho matupu, ambayo kila mmoja hujijengea ganda la silika, kitu kilekile kinachofanya kioo, lenye nakshi zake za pekee. Mmea hufa, ganda hubaki. Mtu mwenye darubini aweza kutambua aina yake hata baada ya miaka elfu kumi.

Sheria ya kusoma hati hii ni nyepesi kama sheria ya jaa la nyumbani. Majivu ya leo huwa juu ya majivu ya jana, na ya babu huwa chini ya yote. Wataalamu hushusha bomba refu kutoka katika chombo, hulizamisha katika mashapo, kisha hulipandisha likiwa limejaa mhimili wa tope ambao mpangilio wake haukuvurugika. Kazi hii si rahisi kama inavyosimuliwa. Tope la juu kabisa, lenye habari za miaka ya karibuni, ni laini kama uji, na bomba zito huweza kulitawanya kabla ya kulikamata. Kwa hiyo hutumiwa chombo kingine, chepesi zaidi, kwa ajili ya tabaka hilo. Baadaye mhimili hupasuliwa kwa urefu na kukatwa vipande vyembamba, na kila kipande huandikwa kina chake.

Kina si tarehe. Kukigeuza kuwa tarehe kumetokana na elimu ya fizikia ya karne ya ishirini. Kaboni-14, ambayo matumizi yake katika kupima umri yalifunuliwa na Willard Libby na wenzake mwaka 1949, hupungua nusu kila miaka 5,730, na kwa hiyo hufaa kwa mambo ya kale sana. Kwa miaka mia moja na hamsini iliyo karibu hutumiwa risasi-210, inayonyesha kutoka angani na kupungua nusu kila miaka 22. Tena kuna alama moja ambayo wanadamu wameiweka wenyewe pasipo kukusudia: majaribio ya mabomu ya nyuklia yalitapanya seziamu duniani kote, na kilele chake kilikuwa mwaka 1963. Mashapo mengi ya dunia yanao mstari huo. Ni ajabu kwamba silaha zilizoundwa kwa hofu ya vita zimekuwa kalenda ya wachunguzi wa matope.

Aliyeanza kazi hii kwa bidii katika maziwa ya Afrika alikuwa Daniel Livingstone wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, na jina lake lisimchanganye msomaji na lile la mmisionari. Mwanafunzi wake, Robert Kendall, alichukua mashapo ya Ghuba ya Pilkington upande wa Uganda, na mwaka 1969 akatoa maandishi marefu juu ya historia ya bonde zima. Katika tabaka za chini Kendall hakukuta ziwa analolijua mvuvi wa leo. Alikuta dalili za maji machache yasiyokuwa na mlango wa kutokea, na chavua yake ilikuwa ya majani zaidi kuliko ya miti. Yaani, Nile haikuwa ikipata tone kutoka hapo. Kisha, kwa hesabu yake ya kaboni, zaidi ya miaka 12,000 iliyopita, mvua zilirudi, ziwa likajaa na misitu ikaenea katika mwambao. Katika tabaka za juu zaidi, zinazokadiriwa kuwa za miaka 3,000 hivi iliyopita, chavua ya miti ya msitu hupungua tena. Wengine wameona hapo mkono wa ukame, wengine mkono wa mkulima na mfua chuma. Na maadamu nchi ya Buhaya ilifua chuma tangu zamani sana, hoja ya pili si ya kupuuzwa, ingawa tope peke yake halimtaji mtu.

Jambo lililokuwa limedokezwa na Kendall lilithibitishwa kwa namna ya kutisha katika miaka ya 1990. Thomas Johnson na wenzake walipima sakafu ya ziwa kwa mawimbi ya sauti, wakashusha mabomba yao mahali penye kina kikubwa zaidi. Chini ya tope laini walikuta udongo mgumu uliowahi kukauka kwa jua, wenye alama za mizizi ya majani. Maandishi yao ya mwaka 1996 yalisema waziwazi kwamba Nyanza ilikauka. Haikupungua tu, ilikauka, na mahali ambapo meli za Mwanza na Bukoba hupita palikuwa mbuga. Kwa hesabu zilizosahihishwa baadaye, maji yalianza kurudi miaka ipatayo 15,000 iliyopita.

Habari hiyo ingebaki ya wanajiolojia peke yao kama si kwa sababu ya samaki mdogo. Furu, kama wavuvi wa Mwanza wanavyowaita, ni jamii ya samaki wenye urefu wa kidole au kiganja, na katika Nyanza wanakadiriwa kuwa na aina zaidi ya 500 zisizopatikana kwingineko. Kuna furu walao mwani, furu walao konokono, furu walao samaki wenzao, na hata furu wanaoishi kwa kunyang'anya mayai na watoto kutoka vinywani mwa mama zao. Ikiwa ziwa lilikuwa mbuga miaka 15,000 iliyopita, umati huu wote ulitoka wapi? Hakuna jamii nyingine ya wanyama wenye uti wa mgongo inayojulikana kuzaa aina nyingi namna hiyo kwa muda mfupi kama huo. Geoffrey Fryer, Mwingereza aliyewachunguza samaki wa maziwa ya Afrika kwa miaka mingi, hakukubali. Alishikilia kwamba hapana budi palisalia maji mahali fulani, kwani samaki hawawezi kugeuka kwa kasi hiyo. Hoja yake ilikuwa ya mtu anayewajua samaki. Hoja ya Johnson ilikuwa ya mtu anayelijua tope. Na kwa muda kila upande ulimwona mwenzake kuwa hasomi vizuri.

Suluhu imekuja kwa vipande. Uchunguzi wa urithi wa furu uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mababu wao walikuwa jamii mbili zilizotengana zamani, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Nile, ambazo zilikutana na kuchanganya damu kabla ya aina za leo kutokea. Aina hizo, basi, hazikutungwa kutoka katika utupu. Zilipangwa upya kutoka katika urithi wa kale, kama mshona nguo anayekata mavazi mengi mapya kutoka katika doti mbili za zamani. Nalo tope likatoa sehemu yake. Mwaka 2018 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Bern, wakishirikiana na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, ambayo ina kituo chake Mwanza, walichukua mihimili minne ya mashapo katika maji ya Tanzania, kutoka sehemu zilizo karibu na ufuko hadi kilindini. Nare Ngoepe na wenzake waliokota humo maelfu ya masalia ya samaki, mengi yakiwa meno madogo kuliko chembe ya ulezi, na matokeo yakachapwa mwaka 2023. Meno hayo yanaonyesha kwamba ziwa lilipoanza kujaa furu hawakuwa wafalme. Walifika pamoja na jamaa za ningu, kambare na wengineo, wote wakigombania maji mafupi yenye matete. Maji yalipozidi kina wengine walibaki kandokando, bali furu waliendelea hadi kilindini, wakaongezeka. Hapo ndipo historia yao yenyewe ilipoanzia.

Lakini swali lililowagusa watu wa Mwanza kwa karibu zaidi halikuwa la kuzaliwa kwa furu. Lilikuwa la kufa kwao.

Mpaka miaka ya 1970 furu ndio waliokuwa umma wa ziwa hili. Uchunguzi wa A. W. Kudhongania na A. J. Cordone, uliofanywa kwa nyavu za kukokota kati ya mwaka 1969 na 1971, uliwakuta kuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini. Walikuwa wengi hata wakaonekana kuwa mali inayopotea bure. Mwaka 1976 kiwanda cha kusaga furu kuwa chakula cha mifugo kilijengwa Mwanza, na mwaka uliofuata wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kazi katika Ghuba ya Mwanza ili kujua ni furu wangapi waweza kuvuliwa pasipo kumalizwa. Miongoni mwao alikuwa Frans Witte, ambaye jina lake halitatengana na ghuba hiyo. Walikuja kuhesabu mali, wakajikuta wanaandika tanzia. Sangara, aliyeletwa ziwani na maofisa wa serikali ya kikoloni katika miaka ya 1950 na kuongezwa tena mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuwa amekaa kimya karibu miaka ishirini na mitano. Katika miaka ya 1980 aliongezeka ghafula, na ilipofika katikati ya muongo huo nyavu zilizokuwa zikijaa furu zilitoka na sangara na dagaa. Inakadiriwa kwamba aina zipatazo 200 zilitoweka, nyingi zikiwa hazijapewa hata jina.

Basi hukumu ilikuwa nyepesi: sangara ni mla samaki, furu wamekwisha, sangara ndiye muuaji. Hukumu hiyo imeenea duniani kote, na filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, iliyopigwa Mwanza na kulalamikiwa sana na serikali ya Tanzania, iliitia chumvi ya siasa na biashara. Ni hukumu yenye ukweli ndani yake. Ila historia iliyoandikwa na mashahidi wa miaka kumi peke yake ni kama kesi iliyosikilizwa upande mmoja, na watu waliofika ghubani mwaka 1977 hawakuwa na njia ya kujua ziwa walilolikuta lilikuwa tayari na ugonjwa gani.

Michael Graham na E. B. Worthington walikuwa wamelipima ziwa mwaka 1927 na 1928, na J. F. Talling alilipima tena kwa uangalifu mkubwa mwaka 1960 na 1961 akiwa Jinja. Robert Hecky, alipolinganisha vipimo vya Talling na vile vya miaka ya 1990, aliona kwamba maji yamegeuka. Mwani uliongezeka mara nyingi, oksijeni ya kilindini ilipungua, na silika iliyoyeyuka majini ilishuka ikawa kama sehemu moja ya kumi ya ile ya zamani. Je, mabadiliko hayo yalitangulia sangara au yalimfuata? Hilo lilikuwa jambo zito. Kama yalimfuata, huenda sangara mwenyewe ndiye aliyeyaleta, kwa kuwamaliza furu waliokuwa wakila mwani. Kama yalitangulia, kesi ni nyingine kabisa. Kati ya vipimo vya Graham na vya Talling kulikuwa na pengo la miaka zaidi ya thelathini, na kati ya Talling na Hecky pengo kama hilo, na hakuna daftari lililoweza kuyajaza.

Tope liliyajaza. Dirk Verschuren wa Chuo Kikuu cha Ghent, pamoja na Johnson, Hecky na wengine, walichunguza mhimili uliochukuliwa mwaka 1996 mahali penye kina cha mita 68, mbali na ufuko, na mwaka 2002 wakatoa matokeo yao. Katika tabaka za tangu miaka ya 1930 dalili za mwani huanza kupanda, na huzidi kupanda muongo baada ya muongo. Magamba ya daiatomu huongezeka, na kila gamba linalozama huchukua silika na kuizika. Kwa hiyo baada ya miaka hamsini ya wingi huo, daiatomu wenyewe walipungukiwa na kitu cha kujengea. Aina nzito za Aulacoseira, zilizotawala zamani, ziliachia nafasi Nitzschia nyembamba, na tangu mwisho wa miaka ya 1980 mwani wa kibuluu usiohitaji silika ukatawala. Huo ndio utando wa kijani ambao mtu husogeza kwa ndoo kabla ya kuteka maji. Masalia ya viluwiluwi vya wadudu wa kilindini nayo yanasema kwamba oksijeni ya chini ilianza kupotea mapema katika miaka ya 1960, yaani miaka ishirini kamili kabla sangara hajaongezeka.

Tarehe hizo zikiwekwa kando ya tarehe za historia ya kawaida, ulinganifu wake hauwezi kupuuzwa. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901 na Mwanza mwaka 1928. Mazao ya kuuza yaliifuata reli. Usukuma uligeuka kuwa nchi ya pamba. Vichaka vilifyekwa, kwanza kwa ajili ya kumfukuza mbung'o na kisha kwa ajili ya mashamba. Watu na ng'ombe wakaongezeka. Na baada ya mwaka 1947 mipango ya serikali ya kuendeleza Usukuma iliwahamisha wakulima hadi katika ardhi mpya. Kila shamba lililofunguliwa lilikuwa na udongo uliofunguliwa, na mvua ilijua njia ya ziwani. Pamba inayosifiwa katika historia ya vyama vya ushirika, na kwa haki, kwa kuwa ilimpa Msukuma sauti mbele ya mnunuzi wa Kihindi na ofisa wa Kiingereza, ina ukurasa wake katika mashapo ya Nyanza pia.

Wala si mito peke yake iliyobeba. Rashid Tamatamah, mtaalamu wa Kitanzania aliyepima mvua na vumbi linaloanguka upande wa kusini wa ziwa, alikadiria pamoja na wenzake katika maandishi ya mwaka 2005 kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi yote iingiayo Nyanza hutoka angani. Moto wa mbuga, moto wa mashamba, vumbi la njia na la ardhi iliyo wazi wakati wa kiangazi: vyote hupanda mbinguni na kushuka majini. Ziwa lenyewe hupata sehemu kubwa ya maji yake kutokana na mvua iangukayo juu yake, na kwa sababu hiyo linakula kile ambacho anga limebeba. Mkulima wa Shinyanga, aliye mbali na ufuko na asiyewahi kula furu, amo katika kesi hii.

Je, sangara ameachiliwa huru? Hapana. Ghuba ya Mwanza ni maji mafupi, na ukosefu wa oksijeni wa kilindini hauwezi peke yake kueleza jinsi furu wa ghubani walivyotoweka upesi hivyo mbele ya macho ya wachunguzi. Mhimili wa mita 68 ni shahidi wa kilindi. Kuutwisha ushahidi wa kila ghuba ni kuuonea. Linaloweza kusemwa ni kwamba sangara alimkuta mgonjwa. Furu wa kilindini walikuwa wameanza kupoteza makao yao kwa kukosa hewa, wakasukumwa juu walikokuwa wakisubiriwa. Na katika maji mafupi uchafu wa maji ulifanya kazi yake kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia.

Njia hiyo ilifunuliwa na Ole Seehausen na wenzake mwaka 1997, na inastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo. Kwenye miamba ya visiwa vya karibu na Mwanza huishi furu wawili wanaofanana sana. Wataalamu wamewapa jina la jamii la Pundamilia, neno la Kiswahili lililoingia katika Kilatini cha elimu pasipo hata kubadilishwa herufi, kwa ajili ya mistari ya mwili wao. Dume wa aina moja, Pundamilia pundamilia, ni wa kibuluu. Dume wa aina ya pili ana mgongo mwekundu, naye huitwa Pundamilia nyererei, jina alilopewa mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Majike yao ni vigumu kuwatofautisha. Kinachowatenga ni macho: jike huchagua dume kwa rangi. Penye maji meupe, kama kwenye kisiwa cha Makobe, aina hizo mbili hukaa pamoja zikabaki mbili. Penye maji machafu ya ndani ya ghuba mwanga hupungua na rangi hupotea, na jike asiyeweza kupambanua wekundu na ubuluu huchanganya. Hapo aina mbili huwa moja, pasipo hata mmoja kuliwa na sangara. Elimu iliyochukua maelfu ya miaka kujengwa huvunjwa na ukungu wa maji, na katika tope la siku zijazo meno yao hayataonyesha msiba wowote. Yatakuwa meno ya furu tu.

Uzito wa ushahidi huu hauko katika vyuo peke yake. Katika mwaka huohuo wa 2018, wakati mihimili ya tope ikivutwa juu ya maji ya Tanzania, serikali ilikuwa ikiendesha operesheni kali dhidi ya uvuvi haramu ziwani, na nyavu nyingi zilichomwa moto hadharani. Kokoro huvua watoto wa samaki, na sheria ya kulikataza ina sababu. Lakini mvuvi wa Igombe au wa Kayenze, anayeambiwa kwamba samaki wamekwisha kwa tamaa yake, anahukumiwa kwa kosa ambalo sehemu yake kubwa ilitendwa kabla hajazaliwa, tena na watu waliokuwa shambani, mjini na maofisini. Nyavu ni rahisi kukamata. Vumbi halikamatwi, wala maji ya Mto Mirongo, yanayoshuka katikati ya jiji la Mwanza na kumwaga ziwani yote yaliyotupwa njiani.

Kwa upande wa ukosefu wa hewa, tope limepata shahidi wa pili, asiyejua lolote la daiatomu wala la risasi-210. Katika miaka ya 1990, sangara walipovuliwa kwa wingi kwa ajili ya viwanda vya minofu vya Mwanza, baadhi ya furu walirudi katika ghuba. Mmoja wao ni Haplochromis pyrrhocephalus, samaki mdogo wa maji ya wazi aliyekuwa karibu kutoweka. Witte na wenzake waliwalinganisha wale waliorudi na wale waliokuwa wamehifadhiwa katika chupa huko Leiden tangu kabla ya sangara kushamiri, wakachapisha vipimo vyao mwaka 2008. Ukubwa wa matamvua yao, chombo ambacho samaki hukitumia kuvuta hewa majini, ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 64 katika muda wa miongo miwili.